Muuguzi Anajibu: Pumzi, Ngozi, Mshono na Mpira wa Mkojo

Barua zilizofika safari hii zimetoka kwa wanafunzi na wauguzi wanaoanza kazi katika wodi za magonjwa ya ndani na za upasuaji, pamoja na ndugu wanaouguza watu wazima nyumbani baada ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Nimezichanganya kwa makusudi, kwa sababu mgonjwa ni yule yule, na ngozi yake haijui kama anayemgeuza ni mwenye cheti au ni mwanawe. Majibu haya ni ya jumla. Dawa na maagizo ya mgonjwa wako yanatoka kwa wanaomtibu, na pale ninapoandika kwamba daktari aitwe, ninamaanisha aitwe wakati huo huo.

SWALI: Shikamoo Sista. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili. Msimamizi wa wodi alikusanya chati zetu akatuuliza inawezekanaje wagonjwa wote wa wodi nzima, kila mmoja na maradhi yake, wapumue mara 20 kwa dakika. Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyehesabu. Lakini bado najiuliza: ikiwa tunapima presha, mapigo ya moyo, joto, na oksijeni kwa kifaa cha kidoleni, kuhesabu pumzi kunaongeza nini?
— Mwanafunzi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nikilazimishwa kubaki na kipimo kimoja tu kwa mgonjwa mzima aliyelazwa, nitachagua hicho mnachokibuni. Mwili unapopungukiwa na oksijeni, unapopoteza damu kwa ndani, unapojaa asidi au unaposhambuliwa na maambukizi yaliyoenea kwenye damu, kasi ya kupumua ni miongoni mwa mambo ya mwanzo kabisa kubadilika. Wakati huo presha inaweza bado kuonekana nzuri, kwa kuwa mishipa imejibana na moyo umeongeza kasi ili kuilinda. Presha inapoanza kushuka, ina maana mwili umeshatumia karibu mbinu zake zote, na muda wa kufanya kazi kwa utulivu umekwisha.

Kifaa cha kidoleni nacho kina mipaka yake. Mgonjwa anayehema mara 30 kwa dakika anaweza kuonyesha asilimia 97 ya oksijeni kwa muda mrefu, kwa sababu huko kuhema ndiko kunakoishikilia namba hiyo. Akichoka, itaporomoka kwa ghafla. Tena mgonjwa aliyewekewa oksijeni anaweza kuonyesha namba nzuri huku anapumua taratibu mno na hewa chafu ikirundikana katika damu yake, jambo ambalo kifaa hicho hakiwezi kuliona hata kidogo.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Chuo cha Kifalme cha Madaktari mjini London kilitoa mwaka 2012 mfumo wa alama za kutambua mgonjwa anayezidiwa, kikaurekebisha mwaka 2017, na katika mfumo huo kupumua mara 25 au zaidi, au mara 8 au pungufu, kunapewa alama 3, ambazo ni nyingi kuliko zote zinazotolewa kwa kipimo kimoja. Jumla ya alama ikifika 5 mgonjwa anatakiwa aonwe haraka, na ikifika 7 ni dharura. Hivyo basi, anayejaza 20 bila kuhesabu anaizima kengele iliyotengenezwa imlie mgonjwa.

Namna ya kuhesabu ni hii. Ukimaliza kuhesabu mapigo ya moyo, usiuachie mkono wa mgonjwa. Endelea kuushika kana kwamba bado unahesabu mapigo, na hamishia macho kifuani, kwa sababu mtu akijua pumzi zake zinahesabiwa hubadilisha namna ya kupumua bila kutaka. Kama pumzi ni fupi na huzioni, ulaze mkono wake juu ya kifua chake, nawe utauona ukipanda na kushuka. Hesabu dakika nzima. Kuhesabu nusu dakika kisha kuzidisha kwa mbili hukudanganya pale mgonjwa anapopumua kwa vipindi, akikimbia kidogo kisha akisimama. Na wakati unahesabu, tazama mengine: je, matundu ya pua yanapanuka, misuli ya shingo inavuta, anaweza kumaliza sentensi bila kukata pumzi katikati? Kwa aliyepewa morfini au dawa nyingine ya jamii hiyo, angalia pia kama anaamka upesi unapomwita. Anayepumua mara 8 na haamki vizuri asipewe dozi nyingine, na daktari aitwe wakati wewe ukiwa bado umesimama pale.

Kisha andika namba pamoja na saa. Pumzi 22 hazimtishi mtu, lakini kwa mgonjwa aliyekuwa na 16 alfajiri ni habari, na habari hiyo inaonekana tu kama ile 16 ilikuwa ya kweli. Unapotoa taarifa, usiseme kwamba mgonjwa hayuko vizuri, kwa sababu maneno hayo hayamwondoi mtu kitini. Sema hivi: "Saa 12 asubuhi alikuwa anapumua mara 16, sasa ni saa 4, anapumua mara 26, mapigo 118, joto 38.6, na tangu asubuhi ametoa mkojo kidogo sana. Naomba uje umwone."

SWALI: Mama yangu alipata kiharusi, na upande wake wa kulia hauna nguvu. Namuuguza nyumbani. Juzi nilipokuwa namwogesha niliona alama nyekundu juu kidogo ya matako, katikati, mahali mfupa unapojitokeza. Rafiki yangu amenishauri nipachue kwa mafuta ili damu itembee. Mwingine ameniletea mpira wa duara wenye tundu katikati wa kumkalishia. Nifuate lipi?
— Binti anayeuguza

JIBU: Usifuate lolote kati ya hayo mawili, dada yangu. Wote wawili wamekushauri kwa upendo, na ni ushauri ambao hata hospitalini ulitumika kwa miaka mingi, lakini tumeshajua kwamba unadhuru.

Kwanza fanya jaribio dogo. Bonyeza alama hiyo kwa kidole kwa sekunde chache, kisha achia. Ikiwa ngozi inageuka kuwa nyeupe na baadaye wekundu unarudi, damu bado inapita, nawe umewahi. Ikiwa wekundu unabaki vile vile hata unapobonyeza, hiyo ni hatua ya kwanza ya kidonda cha kulalia, hata kama ngozi haijapasuka. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane kabisa, na ndiyo maana vidonda vingi hugunduliwa vikiwa vimeshakuwa vikubwa. Kwake tafuta sehemu iliyoiva rangi kuliko ngozi ya jirani au iliyoelekea zambarau, kisha tumia mgongo wa kiganja chako: je, pana joto au ubaridi kuliko pembeni, pamekuwa pagumu, au panabonyea kama tope? Mwulize mama kama panamuuma, ukikumbuka kwamba upande ulioathirika unaweza usihisi maumivu.

Kidonda hiki huanzia ndani. Nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu, na nyama iliyo karibu na mfupa ndiyo inayoumia mapema, huku ngozi ya juu ikionekana nzima. Ukipachua pale kwa nguvu, unavunja vile vishipa vidogo vilivyokwisha kudhoofika. Mpira wa duara nao hupumzisha tundu na kubana nyama yote inayolizunguka, hivyo damu inayotakiwa kufika katikati inakatwa pembeni.

Dawa yake ni kuondoa mgandamizo, na hiyo ni kazi ya saa 24. Anza kwa kumgeuza kila baada ya saa 2. Ikiwa ngozi inabaki salama na anayemtibu anakubali, muda unaweza kurefushwa baadaye, hasa akiwa kwenye godoro zuri la sponji nzito au la upepo. Lakini hakuna godoro linalokuondolea kazi ya kumgeuza. Usimlaze ubavu moja kwa moja juu ya mfupa wa nyonga. Mwinamishe kidogo tu, kama nyuzi 30, na weka mto nyuma ya mgongo ili uzito ushuke kwenye nyama ya tako wala si kwenye mfupa. Weka mto mwingine kati ya magoti. Visigino navyo husahauliwa sana: laza mto chini ya mashavu ya miguu kwa urefu wake, mpaka visigino vining'inie bila kugusa godoro, na uhakikishe unaweza kupitisha kiganja chako chini yake. Kila unapomgeuza, kagua sehemu aliyokuwa ameilalia: kisogo, mabega, viwiko, nyonga, vifundo vya miguu, visigino, na nyuma ya masikio kama ana mpira wa oksijeni.

Adui wa pili ni kuteleza. Mgonjwa aliyeinuliwa kichwa sana huserereka polepole kuelekea miguuni. Ngozi inabaki imeng'ang'ania shuka huku mfupa ukishuka, na mishipa iliyo katikati inavutwa mpaka inakatika. Kwa hiyo, nje ya saa za kula, kichwa cha kitanda kisizidi nyuzi 30, isipokuwa kama ana shida ya kupumua au ameagizwa vingine. Anapokula inakubidi umkalishe wima kabisa, na umwache hivyo kwa nusu saa au zaidi baada ya kumaliza, maana kiharusi mara nyingi hudhoofisha umezaji na chakula huweza kuingia mapafuni. Kama anakohoa anapokunywa, au sauti yake inakuwa ya majimaji baada ya kumeza, simamisha na uombe apimwe umezaji kabla ya kuendelea. Unapompandisha juu kitandani usimburute. Tandika shuka iliyokunjwa chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani, mshike watu wawili, mmoja kila upande, na mmwinue kwa pamoja. Wala usimvute kwa mkono ulioathirika: bega la upande huo halina misuli ya kulishikilia na hutoka mahali pake kwa urahisi.

Unyevu ni jambo la tatu. Mkojo na choo huilainisha ngozi mpaka inachubuka kwa kuguswa tu. Msafishe mara moja kwa maji na sabuni isiyo kali, mkaushe kwa kugandamiza taulo bila kusugua, halafu paka mafuta mazito ya mgando au krimu ya kuzuia unyevu. Nyosha mikunjo ya shuka. Ili apate nguvu za kupona, mpe chakula chenye protini ya kutosha na maji, isipokuwa kama daktari amempunguzia kwa sababu ya figo au moyo.

Ukiona lengelenge, ngozi iliyofunguka, gamba jeusi, harufu au usaha, usisubiri alale nacho nyumbani hata wiki, mpeleke akaonwe. Usinyunyize unga wa vidonge vilivyosagwa juu ya kidonda. Na wewe mwenyewe, dada yangu, bandika karatasi ukutani yenye saa na upande wa kumlaza, kusudi ndugu wengine wachukue zamu za usiku. Mtu mmoja hawezi kugeuza mgonjwa kila saa 2 usiku na mchana kwa miezi. Anayekuambia kwamba inawezekana hajawahi kuifanya kazi hiyo.

SWALI: Kaka yangu alipasuliwa tumbo kwa nusu kaputi siku tatu zilizopita. Wauguzi wanamtaka akohoe, avute pumzi ndefu na atembee, naye analia kwa maumivu na kusema mshono utafumuka. Sisi ndugu tunaona kama anateswa. Kuna haja gani ya kumharakisha?
— Ndugu wa mgonjwa

JIBU: Haja ipo, na ni kubwa, ingawa nawaelewa kabisa mnaposikia kilio chake. Mtu mwenye kidonda cha tumbo hupumua kwa juu juu ili asijiumize. Sehemu za chini za mapafu zinakosa kujaa hewa, zinajikunja, makohozi yanatuama humo, na nimonia inaanza. Miguu isiyotembea nayo huruhusu damu kuganda katika mishipa ya ndani ya mashavu ya miguu. Bonge hilo likikatika na kupanda mapafuni, mgonjwa anaweza kufa katika dakika chache. Utumbo pia huchelewa kuanza kazi kwa mtu aliyelala tu.

Lakini wauguzi hao nao wana deni kwake: maumivu yatulizwe kwanza. Dawa ya maumivu itolewe mapema kiasi cha kuwa imeshafanya kazi saa ya zoezi inapofika, na maumivu yapimwe anapokohoa au anapojigeuza. Mgonjwa anayesema "2 kati ya 10" akiwa amelala kimya anaweza kuwa na 9 anapojaribu kukohoa, na hiyo 9 ndiyo inayomzuia kupona. Mwombeni muuguzi kwa heshima aulize hivyo.

Baada ya hapo mpeni kaka mto mdogo au taulo lililokunjwa. Aukumbatie juu ya mshono kwa mikono yote miwili na kuukandamiza, avute pumzi polepole kwa pua mpaka tumbo linyanyuke, aishikilie kwa sekunde 3, kisha aitoe kwa mdomo. Arudie mara 10 kila saa akiwa macho, na mwishoni akohoe mara moja au mbili kwa nguvu, mto ukiwa bado umebana. Kuinuka asijaribu kwa kunyanyua kichwa kama anayefanya mazoezi ya tumbo. Akunje magoti, ajiviringishe ubavu, ashushe miguu huku akijisukuma kwa kiwiko, akae ukingoni mwa kitanda dakika chache miguu ikining'inia, na mtu asimame mbele yake. Kizunguzungu kikija, arudi alale. Kisipokuja, asimame na kupiga hatua chache. Siku ya kwanza kwenda mpaka kwenye kiti kunatosha.

Shavu la mguu mmoja likivimba, likiuma au likipata joto kuliko la pili, msilichue kamwe, semeni upesi. Akikatika pumzi ghafla au kuchomwa kifuani, msingoje hatua nyingine yoyote, iteni msaada wa dharura.

Kuhusu kufumuka: kutembea na kukohoa kwa kujikinga na mto hakufumui mshono uliofungwa vizuri. Mishono hufumuka zaidi kwa maambukizi, lishe duni, kisukari kisichodhibitiwa, unene mkubwa, matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi, na kikohozi kikali kisichokingwa. Dalili yake huja mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 10: bandeji iliyokuwa kavu inalowa ghafla majimaji ya rangi ya waridi, au mgonjwa anasema amehisi kitu kimeachia. Msilichukulie kuwa jambo la kubadilisha bandeji tu. Ikitokea utumbo umetoka nje, msiurudishe ndani. Alazwe chali, kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo, magoti yamekunjwa ili tumbo lilegee, utumbo ufunikwe kwa kitambaa safi kabisa cha hospitali kilicholowekwa maji ya chumvi ya dripu, asipewe chakula wala maji, asiachwe peke yake, na daktari wa upasuaji aitwe. Jambo hili hutokea kwa nadra, lakini anayelijua hatashika vibaya siku likimfika.

SWALI: Baba ana mpira wa mkojo. Tunapomhamisha kwenda kwenye kiti cha magurudumu tunamwekea mfuko mapajani ili usiburuzike. Kuna ubaya?
— Msomaji

JIBU: Upo. Mfuko ukiwa juu ya kibofu, mkojo uliokaa humo, ambao vijidudu vimeshaanza kuzaliana ndani yake, unarudi kibofuni. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu wakati wote, uning'inizwe kwenye fremu ya kiti au kitanda, na usiguse sakafu. Mwageni mkojo unapofika theluthi mbili za mfuko, kwa chombo ambacho hakitumiki kwa mgonjwa mwingine, mikono ikiwa imeoshwa kabla na baada. Msichomoe mpira kwenye mfuko bila sababu, kwa maana kila mnapoufungua mnafungua njia ya vijidudu. Mpira ufungwe kwa plasta kwenye paja usivutike. Mwosheni kwa maji na sabuni kila siku, na kama hajatahiriwa, govi likishavutwa nyuma kwa kuoshwa lirudishwe mbele, la sivyo huvimba na kukaba.

Mkojo ukikoma kutoka, kagueni kwanza kama mpira umejikunja au baba ameulalia. Kipimo cha jumla kwa mtu mzima ni angalau nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa, yaani kwa mtu wa kilo 60 ni mililita 30 kila saa. Ukiwa chini ya hapo kwa saa kadhaa huku mpira uko sawa, toeni taarifa. Na kila mnapokwenda kliniki ulizeni kama bado anauhitaji, maana mpira uliokaa bila sababu ni maambukizi yanayosubiri siku yake.

SWALI: Nimeajiriwa karibuni katika wodi ya magonjwa ya ndani. Kabla ya kumlisha mgonjwa kwa mpira wa puani, wakubwa zangu husukuma hewa kwa bomba la sindano na kusikiliza tumboni kwa stethoskopu. Chuoni nilifundishwa kwamba njia hiyo haitoshi. Nifanyeje bila kuwavunjia heshima?
— Muuguzi mpya

JIBU: Ulichofundishwa ni sahihi. Sauti ya hewa inaweza kusikika tumboni hata ncha ya mpira ikiwa kwenye pafu au katikati ya umio, kwa sababu sauti husafiri kifuani kote. Chakula kikamiminwa, mgonjwa anazama katika kile unachompa. Vuta majimaji kidogo kwa bomba la sindano na uyapime kwa karatasi ya asidi. Kipimo cha pH (namba ya asidi, ambayo hushuka asidi inapozidi) cha 5.5 au chini yake kinaonyesha uko tumboni. Kikiwa juu, au usipopata majimaji baada ya kumgeuza ubavu na kujaribu tena, mpira unathibitishwa kwa eksirei. Kumbuka kwamba dawa za kupunguza asidi zinaweza kupandisha kipimo hata mpira ukiwa mahali pake. Weka alama kwenye mpira pale unapotokea puani na uangalie alama hiyo kabla ya kila mlo. Mwinue mgonjwa kichwa nyuzi 30 hadi 45 wakati wa kumlisha na kwa muda baada ya hapo, na malizia kwa kusafisha mpira kwa maji.

Kwa wakubwa zako, usianze kwa kusema kwamba wamekosea. Shika karatasi ya kipimo mkononi na useme, "Dada, kabla hatujamlisha naomba nivute nipime, halafu tuandike kipimo kwenye chati." Mara nyingi wataitikia. Asipokubali mmoja, mwendee msimamizi faraghani. Lakini mgonjwa asilishwe kabla mpira haujathibitishwa. Heshima kwa mkubwa haifiki hapo.

SWALI: Baba yangu ana miaka 78. Alivunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji. Usiku wa pili alianza kuita watu waliokwisha kufa, akachomoa dripu, akataka kushuka kitandani. Asubuhi alikuwa mpole, usiku yakarudi. Tumeambiwa ni uzee, na amefungwa mikono. Je, baba amerukwa na akili?
— Mwana wa mgonjwa

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Mtu aliyekuwa na akili timamu juzi, kisha akachanganyikiwa ghafla na hali yake ikawa inapanda na kushuka ndani ya siku moja, hana ugonjwa wa uzee. Ana dharura ya kiafya iliyojificha, na ubongo ndio unaopiga kelele kwa niaba ya mwili. Kwa mtu mzima wa umri huo baada ya upasuaji wa nyonga hali hii hutokea mara nyingi, na kazi ya wanaomuuguza ni kutafuta chanzo.

Ombeni yaangaliwe haya: oksijeni na pumzi zake; sukari ya damu, ambayo ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita yenyewe inatosha kumchanganya mtu; joto, kidonda, mapafu na mkojo kwa ajili ya maambukizi; kiasi cha maji na chumvi mwilini; na maumivu, kwa sababu mzee aliyechanganyikiwa hawezi kusema panapomuuma bali hurusha mikono. Kibofu kilichojaa na choo kilichofunga siku kadhaa ni vyanzo vya kawaida, navyo hugunduliwa kwa mkono uliowekwa tumboni na swali moja kwa anayejaza chati. Dawa za usingizi na baadhi ya dawa za maumivu nazo huchangia. Kama baba alikuwa na mazoea ya pombe kila siku, semeni bila kuona haya, maana kuikosa ghafla ni hatari na kuna tiba yake.

Kumfunga mikono kunaongeza hofu na vurugu, na humwumiza anapojinasua. Ombeni kwa upole kwamba mmoja wenu akae naye badala ya kamba, hasa jioni na usiku, na awe mtu yule yule kadiri inavyowezekana. Mrudishieni miwani na kifaa chake cha kusikia, kwa kuwa nusu ya anachokiogopa ni kile asichokiona wala kukisikia vizuri. Mwambieni yuko wapi, ni siku gani na kwa nini mguu unauma, kwa sentensi fupi na sauti ya kawaida, na mrudie bila kuchoka. Msibishane naye kuhusu hao waliokufa. Dripu ifungwe bandeji mpaka juu ili asiione. Mchana pazia liwe wazi, akalishwe kitini, ale na kunywa; usiku taa ipunguzwe na vipimo vipangwe pamoja asiamshwe kila saa.

Wapo wazee ambao hali hii huwajia kwa ukimya: wanasinzia mchana kutwa, hawali, hawaitiki vizuri, na wodi inawasifu kwa utulivu. Hao wako hatarini zaidi kwa sababu hakuna anayemwita daktari kwa ajili yao. Baba akianza kuwa hivyo, msifurahi.

Wengi hurejea hali yao ndani ya siku chache hadi wiki kadhaa chanzo kikitibiwa, ingawa wengine huchukua muda mrefu zaidi. Wakati wa daktari kupita wodini, mmoja wenu awepo akiwa na dawa zote ambazo baba alikuwa anatumia nyumbani kabla ya kuvunjika, na amweleze baba alikuwaje wiki moja kabla: kama alikuwa anajihesabia fedha, anajua majina ya wajukuu, anakwenda chooni mwenyewe. Daktari hakumjua baba wakati huo, na hawezi kupima mabadiliko asiyoelezwa yalipoanzia.